Hizi nyayo zetu anaziona nani?

BARUA

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nimeoa na tuna binti wa miaka 7. Kazi yangu ni kuandika programu za ramani. Sehemu niliyokabidhiwa ni ya kutafuta njia: mtu anagusa alipo na anakokwenda, programu inampangia pa kupita. Naipenda kazi hii kutoka moyoni, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitaomba ushauri kwa sababu yake.

Ni kazi ya vitu vidogo visivyoonekana. Wiki mbili zilizopita nilishinda siku nzima nikitafuta kwa nini maghala yote ya mteja wetu mmoja yameangukia baharini. Jioni ndipo nikagundua kuwa namba zimebadilishana nafasi: faili la GeoJSON, ambalo huhifadhi data za ramani, hutanguliza longitudo, na aliyeandika kipande kile alitanguliza latitudo, kama tulivyozoea kuzitaja. Nikageuza mstari mmoja, maghala yakarudi nchi kavu. Hakuna aliyejua. Njia ikiwa sahihi mtu anaendesha gari lake tu. Ikimfikisha kwenye daraja lililobomoka ndipo anapokumbuka kwamba kuna aliyeiandika.

Nadhani ndiyo sababu nikirudi nyumbani nachora ramani tena. Huu ni mwaka wa 6 nachangia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Kule nikiongeza kijia cha miguu, baada ya dakika chache nakiona kwenye ramani, kipo, na mtu mwingine anaweza kukifuata. Jioni tukitoka kutembea, mimi, mke wangu na mtoto, simu huwa mkononi na StreetComplete, programu ya kujazia ramani hiyo kwa kujibu maswali, imefunguliwa. Inaniuliza: benchi hili lina egemeo? Njia hii ni ya lami au changarawe? Kivuko hiki kina taa? Nikijibu, alama inatoweka, nasogea kwenye nyingine. Wakati huohuo programu nyingine inarekodi safari yetu kwa GPS, na tukifika nyumbani naipakia rekodi ile kwenye akaunti yangu.

Halafu kuna antena. Nimeifunga juu ya paa, na waya wake unaingilia dirisha la chumba chetu cha kulala hadi kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Najenga kituo changu cha rejea, ili kipokezi ninachotembea nacho kipime kwa sentimita badala ya mita. Tangu nipitishe waya huo dirisha halifungi vizuri. Mke wangu amelisema mara 2 au 3, nami nikamjibu kuwa nitatoboa ukuta.

Mwezi uliopita alianza kubaki nyumbani. Alisema, "Nenda na ramani yako." Nikajitetea kwamba nasimama sekunde chache tu. Lakini juzi nilimtazama mwanangu tukiwa njiani wawili. Alikuwa anakimbia mbele yangu, akafika kwenye benchi, akasimama bila kuitwa, akageuka na kuningoja. Nilipomfikia akakimbia tena, akafika kwenye benchi jingine, akasimama. Amezoea. Jambo lile limenikaa kifuani.

Nikueleze pia kisa kimoja cha kabla mke wangu hajaanza kubaki, ingawa sidhani kama kina uzito. Usiku mmoja nilizifungua rekodi zetu zote kwa pamoja kwenye skrini, 412, mistari myekundu juu ya ramani nyeupe. Nilitaka aone tulikotembea miaka yote hii. Niliona fahari. Aliangalia kimya, akaweka kidole pale mistari inapokutana, mlangoni kwetu, akauliza, "Hizi anaziona nani?" Nikamwambia ni yeyote anayetaka, maana ramani huria ni ya watu wote. Akaenda kulala.

Nimemwahidi kwamba nitachora siku 2 tu kwa wiki. Hakukubali wala hakukataa. Mfanyakazi mwenzangu ananiambia kuwa anayeshinda na ramani kazini atafute burudani nyingine kabisa. Je, niache? Mtu anayependa kitu kilekile mchana na usiku afanyeje ili asiwapoteze watu wake?

Mchora Vijia

JIBU

Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuniamini.

Barua yako imejaa simu, mabenchi na waya, lakini kisa ulichosema hakina uzito ndicho kilichonifanya niisome mara 3. Mkeo aliweka kidole mlangoni kwenu akauliza nani anaona. Ukamjibu habari za ramani huria. Yeye alikuwa ameuliza habari za nyumba yake, mtoto wake, na saa mnazotoka na kurudi. Ahadi ya siku 2 kwa wiki haigusi swali hilo hata kidogo, ndiyo maana hakukubali wala hakukataa.

Nimeifanya kazi ya ramani zaidi ya miaka 30, tangu enzi za karatasi na kalamu ya wino, kwa hiyo raha unayoisema naijua. Nilipoanza kushika kipokezi cha GPS, mawimbi waliyopewa raia yalikuwa yakipotoshwa makusudi na Marekani. Unasimama juu ya jiwe moja, kipokezi kinakuandikia kwamba uko mita 100 kando. Upotoshaji ule ulizimwa mwezi Mei mwaka 2000, na sisi tuliokuwa kazini tulipeana mikono. Leo simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea mita 5 hivi. Sasa fikiria: una rekodi 412 zinazoanzia mahali pamoja. Kosa la moja linavuta huku, la nyingine linavuta kule, na ukitafuta wastani wa nukta zote za mwanzo, sehemu kubwa ya makosa hayo hufutana. Mtu asiyewajua kabisa atafika mlangoni kwenu bila kuuliza njia. Na kila nukta kwenye faili la GPX, yaani faili la rekodi ya safari, huandikwa na saa yake. Atajua ni siku zipi za wiki nyumba hubaki tupu, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na ni vijia gani mtoto mdogo hupita kila jioni.

Mkeo hakuhitaji hesabu hizo. Aliona mistari myekundu imejikusanya mlangoni kwake, akaelewa.

Wenye kuta na walinzi nao wamewahi kuanikwa hivyohivyo. Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kurekodi mazoezi, ilitoa ramani ya dunia iliyojumlisha mazoezi ya watumiaji wake, bila jina la mtu yeyote. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akaonyesha kwamba sehemu zenye watumiaji wachache, kama Syria na Afghanistan, ramani ile ilikuwa inang'aa pale palipo na kambi za kijeshi. Askari walikuwa wanakimbia kuzunguka kambi zao tu, saa zikiwa mkononi.

Kwa hiyo anza usiku wa leo, kabla hujaomba msamaha, ili uende kwake ukiwa umeshafanya kitu. Ingia kwenye akaunti yako uzitazame rekodi moja baada ya nyingine. OpenStreetMap ina viwango 4 vya faragha kwa rekodi za GPS. Kilicho wazi kuliko vyote huonyesha jina la akaunti, nukta kwa mpangilio wake na saa zake. Kilichofungwa kuliko vyote hutoa nukta tupu, bila jina wala mpangilio. Lakini hata nukta tupu 412 zilizorundikana mlangoni bado ni rundo mlangoni, kwa hiyo usiishie kubadilisha kiwango. Zote zinazoanzia au kuishia nyumbani, zifute. Zihifadhi kwenye kompyuta yako ukipenda, ni kumbukumbu zenu. Kile ambacho wengine wamekwisha kukinakili hakirudi, na hilo nalo usimfiche mkeo.

Kuna mtego mmoja ambao wajuzi wengi wa kompyuta huuingia, na nakuona ukielekea huko. Utataka kuandika programu ndogo inayokata kila rekodi ikifika, tuseme, mita 200 kutoka nyumbani. Utajisikia umemaliza. Chukua karatasi uchore. Mlango wenu katikati, duara la mita 200 kuuzunguka, halafu safari zenu zikitoka kila upande na kukatwa zinapogusa duara. Sasa futa duara lenyewe na mlango, ubakishe ncha za mistari. Nukta 3 zinatosha kurudisha duara, na duara likirudi, kitovu chake kinarudi. Ni jometri ya shule. Wewe utakuwa umewaachia ncha 412. Kata kwenye makutano ya barabara yenye watu wengi, yaleyale kila siku, yasiyo na uhusiano wowote na umbali wa kufika kwenu. Au usipakie kabisa rekodi za mtaa unaoishi, na hapo ndipo mimi ningesimama.

Ramani haitapungukiwa. Steve Coast alipoanzisha OpenStreetMap mwaka 2004, wachangiaji hawakuwa na picha za angani walizoruhusiwa kuchorea juu yake, hivyo nyayo za watu wenye vipokezi ndizo zilizozaa barabara. Kila rekodi ilikuwa dhahabu. Siku hizi picha zipo, na nyayo zinafaa zaidi penye miti inayoficha kijia, au pale picha yenyewe imekaa kando kidogo na inahitaji kusogezwa. Njia yenu ya jioni ilishachorwa vizuri tangu rekodi ya 5 au ya 10. Hizo 400 zilizofuata hazikuongeza kitu kwenye ramani, ziliongeza habari zenu tu.

Na usiisahau antena. Sina hakika kama umeshafikiria hili, maana barua yako inaizungumzia kama suala la dirisha. Kituo cha rejea hufanya kazi kwa kutangaza mahali kilipo, kwa usahihi, ili vipokezi vingine vijirekebishe kwa kukifuata. Ndani ya ujumbe wa marekebisho, uitwao RTCM, ambao kituo hutuma, moja ya taarifa za lazima ni mahali antena ilipo, hadi chini ya milimita. Ukiufungulia umma kituo hicho, umeandika paa lenu kwenye intaneti kwa usahihi ambao rekodi zote 412 hazikuukaribia. Kitumie ndani kwa ndani, kipokezi chako na kituo chako tu, mpaka mtakapokaa wawili mkaamua. Mkikubaliana kukifungua, mfungue wote mkijua. Na dirisha lifungwe wiki hii. Toboa ule ukuta Jumamosi asubuhi, uzibe pembeni ya waya pasipitishe upepo.

Marekebisho ya StreetComplete nayo yana alama yake. Kila furushi la mabadiliko unalotuma hubaki hadharani likiwa na jina la akaunti, eneo na saa, na huwezi kulifuta. Zima utumaji wa papo hapo kwenye mipangilio, utume kesho yake ukiwa mezani. Kama jina la akaunti yako ni jina lako halisi, libadilishe.

Hayo yakishafanyika, nenda kwa mkeo. Nakuomba jambo moja zito hapa: usimfundishe. Sisi watu wa kazi hii tukikosea tuna tabia ya kueleza mfumo unavyofanya kazi, na anayetusikiliza anaondoka akihisi kwamba tatizo ni kutoelewa kwake. Usimtajie viwango 4, usimchoree duara. Mwambie aliuliza nani anaona nawe ukamjibu vibaya, kwamba wote walikuwa wanaona, kwamba umezifuta, na kwamba huna njia ya kujua kama kuna aliyezinakili. Kisha umfungulie ile skrini aliyoiona usiku ule, atazame mwenyewe. Akiweka kidole tena mahali fulani na kuuliza, jibu hicho alichouliza.

Zile safari mlitembea watatu, na aliyeamua zipakiwe alikuwa mmoja. Mkeo ana haki ya kusema ndiyo au hapana kila unapotaka kuchapisha mahali alipokuwa. Binti yenu wa miaka 7 hawezi kukubali wala kukataa jambo asilolielewa, kwa hiyo kwake mimi sina mjadala: ukiwa naye usirekodi.

Sasa swali lako la kuacha. Usiache. Mwenzako anakutakia mema lakini simuungi mkono. Fundi seremala hutengeneza kiti cha nyumbani kwake baada ya kutengeneza vya watu, na hakuna anayemwambia atafute burudani ya chuma. Umeeleza vizuri sana unachokikosa kazini: unarekebisha, na hakuna anayeona. Kwenye ramani huria kijia chako kinaonekana. Kiu hiyo ni ya haki na sitakuambia uizime.

Ila angalia ulivyoinywesha. Kazini mnafunga tiketi moja, yaani ombi la marekebisho, inakuja nyingine. Jioni unafuta alama moja, unasogea kwenye nyingine. Umeichukua foleni ya ofisini ukaihamishia kwenye matembezi, tena ukawapanga watu wako ndani yake. Ramani inaweza kubaki na foleni ikaondoka. Jipe asubuhi moja ya peke yako, ya kwako na kipokezi chako, mahali mbali na mtaa wenu, ukasimame kwenye benchi hata robo saa bila mtu wa kukungoja. Au chora ukiwa umekaa. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walichora mitaa ya Port-au-Prince kwa picha za setilaiti, na waokoaji wakaitumia ramani ile. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga Haiti. Kazi ya namna hiyo bado ipo kila siku, na kwa mtu mwenye jicho lako saa moja ya usiku, mtoto akiwa amelala, ni mchango mkubwa. Haimsimamishi mtu njiani.

Matembezi ya jioni yarudishe kuwa ya watu 3, simu ibaki nyumbani. Usimshinikize mkeo kuja siku ya kwanza. Toka na binti yako kwanza, na usimweleze kitu, mtoto wa miaka 7 hahitaji hotuba kuhusu mabadiliko yako. Atakimbia mbele kama kawaida, atafika kwenye benchi, atasimama na kugeuka. Utakapomfikia, kaa. Mwache apande akae kando yako. Mtazame barabara, akuulize atakayokuuliza, na akishuka kuendelea mbele, umfuate.

Kama benchi lina egemeo au halina, utakuwa umelihisi mgongoni. Unaweza kulijibu kesho.